Kanuni ya Nne ya Mwalimu Tiruwork

Usinitazame hivyo. Umeuliza ile karatasi ukutani ni ya nini, na kwa nini imechorwa wino mwekundu kama daftari la mtoto mjinga, nami nitakujibu. Si kwa kupenda kwangu. Mke wangu Enanu amesimama hapo mlangoni, mikono kiunoni, na kahawa haitamiminwa mpaka niseme. Ndivyo tunavyoishi humu ndani, mwaka wa tatu huu. Basi kaa.

Aliyeichora nyekundu ni Tiruwork, mwalimu wa fizikia. Sikumpenda. Nataka ulijue hilo mwanzo kabisa, usije ukadhani nakusimulia habari za malaika. Mfupi, mkavu, koti lake jeupe la ualimu limefubaa, mfukoni daima ana shayiri ya kukaanga. Anatafuna huku anakusikiliza, na ukimaliza kusema anakuuliza, "Ndiyo hayo tu?" Sisi watu wa mkoa huu wa Gojjam kiburi tunakijua, tumezaliwa nacho, lakini cha yule mama kilipita kiasi.

Mimi nilikuwa fundi wa plazma pale sekondari. Kila darasa lilifungiwa televisheni kubwa ukutani, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na masomo yakawa yanashuka kwa dishi kutoka mji mkuu. Mtu mmoja aliyevaa tai anafundisha nchi nzima kwa mpigo, tena kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasani anapewa dakika tano za kufungua somo na tano za kufunga. Katikati anasimama pembeni, anyamaze. Plazma haizimwi mpaka kipindi kiishe, hiyo ilikuwa amri. Na kila kipindi mimi ninatia sahihi daftarini: imewashwa, imefuatiliwa.

Funguo zote nilikuwa nazo mimi, kiunoni. Nilikuwa na koti la buluu. Nikipita ukumbini, watoto walijua nani anakuja kabla hawajaniona.

Na niliipenda ile plazma, usicheke. Mimi mtoto wa mkulima. Mwalimu wangu wa sayansi alituchorea sumaku ubaoni kwa sababu hata yeye hakuwahi kuishika. Siku ya kwanza nilipowasha nikaona meli inapasua bahari, mimi ambaye maji mengi niliyoyaona ni ya ziwa Tana, machozi yalinitoka mbele ya watu. Kwa hiyo mtu akija kuifanyia dharau, ananifanyia mimi.

Sasa sikiliza. Ilikuwa mwezi wa Tikimt, mvua zimekatika. Napita nje ya darasa la kumi C, nasikia sauti ya yule wa tai imefifia, kama mtu anayeongea na shuka usoni. Nikasukuma mlango. Plazma inawaka, lakini imefunikwa kitambaa! Kitambaa cheupe cha kufuma, kile cha kufunikia televisheni sebuleni. Tiruwork yuko katikati ya darasa na ndoo ya maji, watoto sabini wamemzonga, wengine wamepanda juu ya madawati. Mmoja ameshika jiwe lililofungwa kamba.

"Mwalimu, hiki nini?" nikauliza.

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa! Kinafanya nini juu ya plazma?"

"Kwenu televisheni haifunikwi? Vumbi hili, Dessalew."

Watoto wakaangua kicheko. Nikahisi masikio yanawaka.

"Plazma haizimwi," nikamwambia.

"Nani kaizima? Sogea uone taa yake. Mwenyewe yumo humo ndani anaongea. Mimi sijamkataza mtu kuongea, na wewe usinikataze kufundisha. Funga mlango, Bwana Funguo, maji yanaingia ubaridi."

Bwana Funguo! Mpaka leo kuna watu wazima mjini hapa wananiita hivyo. Kando ya kabati alikuwa ameandika mistari minne kwa chaki, na juu yake: Kanuni za darasa hili kuhusu plazma. Niliwahi kusoma wa kwanza tu. Kitu kisichoweza kuulizwa swali si mwalimu, ni chombo. Sikusoma zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekitazama kile kitambaa vizuri. Kilikuwa na tausi wawili wanaotazamana. Tausi wale nawajua. Wanafumwa na mtu mmoja tu katika mji huu, na ndiye huyu aliyesimama mlangoni.

"Umekitoa wapi?"

"Kwa mkeo. Ana mikono mizuri. Siku moja msifu, hutakufa."

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nikamwuliza Enanu kama alijua kitambaa ni cha nini.

"Nilijua. Alikuja na kamba ameshapima," akasema, wala hakuacha kufuma.

"Unajua kazi yangu ni nini?"

"Najua. Na wewe sasa unajua yeye anafanya nini. Nenda kamseme."

Sikwenda. Na hapa ndipo pa kunishika, mgeni wangu. Daftari langu nilikuwa ninalitia sahihi Jumatatu asubuhi kwa wiki nzima. Ndiyo, wiki nzima, madarasa yote, kikombe cha chai mkononi. Nikienda kumshtaki, wataniuliza: mbona umeandika imefuatiliwa? Basi nikanyamaza. Mwezi baada ya mwezi, Tikimt, Hidar, Tahsas, nikaendelea kuandika imefuatiliwa, imefuatiliwa. Nilijua. Liweke hilo akilini, maana ndilo jambo lenyewe.

Ikafika gimgema ya mwezi wa Megabit. Kikao cha kusemana, walimu wote, Jumamosi, mkuu wa shule Ato Yitayew mbele na kalamu yake. Kila mtu anasimama anataja makosa yake mwenyewe, kisha wenzake wanamwongezea, kisha anapewa daraja. Na kila mwenye akili anajua namna ya kukiendea kikao kile. Unakuja na kosa dogo. "Mimi huchelewa dakika mbili tatu." "Mimi nina hasira za karibu." Wenzako wanakukemea kidogo, unashukuru, unapewa B, mnakwenda kunywa kahawa. Miaka yote ndivyo. Mimi kosa langu lilikuwa kuchelewa. Sijawahi kuchelewa maishani mwangu.

Zamu ya Tiruwork ilipofika akasimama, akameza shayiri yake.

"Mimi nafunika plazma," akasema. "Tangu Tikimt. Watoto wanafanya kwanza kwa mikono, wakishaelewa nafunua, nawaonyesha picha ninayoitaka, nafunika tena. Sehemu kubwa ya kipindi imo chini ya kitambaa. Na nitaendelea."

Mwalimu wa jiografia akaangusha kalamu. Mwanamke mzima, miaka ishirini na mbili kazini, anakwenda gimgema na kosa la kweli! Hata mwalimu wa wiki moja hafanyi ujinga ule.

Ato Yitayew alikuwa mtu wa kucheka akikasirika. Akacheka. "Mwalimu, hapa tunataja makosa. Hatutangazi vita."

"Mmesema tuseme tunachofanya. Nimesema."

"Shule jirani zinatutazama, ofisi ya elimu inatutazama, na wewe unaivalisha plazma gauni?" Kisha akanigeukia mimi. "Dessalew! Lete daftari."

Nililipeleka. Akafunua kurasa, akasoma kwa sauti: imewashwa, imefuatiliwa, imefuatiliwa, imefuatiliwa. Sahihi yangu, sahihi yangu, sahihi yangu. "Sasa mwongo ni nani hapa?" akauliza.

Nilikuwa na watoto watatu nyumbani. Nilikuwa na lile koti la buluu. Haya, nilikuwa mwoga, basi! Nikasema, "Alikuwa anafunga mlango kwa ndani, Ato Yitayew. Nikipita dirishani naona mwanga, nasikia sauti. Ningejuaje? Amenidanganya mimi kama alivyowadanganya ninyi."

Tiruwork akaacha kutafuna. Akanitazama. Neno moja tu lingetosha kunimaliza: tausi. Mkewe ndiye aliyefuma. Nilikuwa nalingoja neno hilo.

"Ndiyo hayo tu?" akaniuliza. Akakaa.

Wakampa C. Akaondolewa darasani, wiki tisa kabla ya mtihani wa taifa, akatupwa stoo kuhesabu viti vibovu. Barua ya uhamisho ikaandikwa kabisa, ikawekwa mezani kwa mkuu: mwaka mpya ukianza anashushwa bondeni, kwenye joto na malaria, isipokuwa gimgema ya Meskerem, mwezi wa kwanza wa mwaka, ione vingine. Na mama yake mzee, mtawa wa uzeeni, haoni, anaishi naye hapa mjini nyuma ya kanisa la Mikaeli. Bibi kama yule humteremshi bondeni. Kila mtu alijua hilo, na kila mtu akaenda kunywa kahawa.

Unadhani nilijuta? Nilimchukia zaidi. Angenitukana ningepona. Angenitaja, ningemwita mchongezi, tukamalizana. Lakini kuninyamazia vile mbele ya watu, kunibebesha mzigo wangu mwenyewe kimyakimya, loo! Kuna watu wana ukatili wa namna yao.

Mwalimu mwingine wa fizikia hakupatikana. Ato Yitayew akaniita. "Plazma ipo," akasema. "Wewe washa, simama, nyamazisha watoto. Kuna ugumu gani?"

Nikaingia kumi C na koti langu. Kanuni za ukutani zilikuwa zimeshafutwa kwa kitambaa kibichi, imebaki alama nyeupe. Nikawasha. Yule wa tai akaanza, mbio mbio, Kiingereza chake kinateleza kama sabuni. Akaandika hesabu, akasema, sasa mna sekunde thelathini, ifanyeni. Watoto wa mbele ndiyo kwanza wanatafuta rula. Akasema, muda umekwisha. Akatabasamu. "Vizuri sana!"

Vizuri sana nini? Kalamu sabini zilikuwa hazijagusa karatasi. Nilikuwa nimelifungulia kufuli lile jitu miaka miwili na sikuwahi kulisikiliza kipindi kizima mpaka siku ile.

Kulikuwa na msichana dawati la pili, Wubalem, mtoto wa mfinyanzi, macho makavu kama ya mwalimu wake. Akanyoosha mkono. Si kwangu. Kwenye plazma.

"Shusha mkono," nikamwambia.

"Namngoja anione, Gashe," akasema, kwa jina lile la heshima la kumwita mkubwa.

"Haoni, mpumbavu wewe!"

"Aa. Basi namngoja tu."

Kesho yake walinyoosha kumi. Siku ya tatu, mikono yote sabini ilikuwa juu, kimya, hakuna anayecheka, imenyooshwa kwenye kioo kipindi kizima, na yule wa tai anawaambia vizuri sana. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hawakushusha hata mmoja. Kengele ilipolia Wubalem akanipita mlangoni na vitabu kifuani.

"Gashe, tukifeli, utatuandikia daftarini kwamba tulifuatilia?"

Mkono wangu ulinyanyuka kumpiga. Namshukuru Mungu haukufika. Nikaenda stoo moja kwa moja.

Nilimkuta Tiruwork amekaa juu ya kiti cha miguu mitatu, amekiegemeza ukutani, anatafuna. "Bwana Funguo," akasema. "Umepotea njia? Hapa hakuna kufuli la kufungua."

"Watoto wako wameniharibia darasa."

"Watoto wangu? Mimi nina viti. Mia moja na nne, vibovu."

"Watafeli," nikasema. Ikanitoka hivyo, bila kupanga. "Mimi sijui kitu, na ile plazma haingoji mtu. Watafeli wote."

Akanyanyuka, akachota maji ya pipa kwa ndoo, akafunga jiwe kamba, akanitupia kifuani. "Shika. Liache lining'inie. Zito?"

"Zito."

"Litumbukize. Lisiguse chini. Sasa?"

Mgeni wangu, lilipungua. Jiwe lilelile, mkononi mwangu, likawa jepesi! Nilikuwa nimeona somo lile likipita kwenye kioo labda mara ishirini, mishale ya rangi inapanda inashuka, na sikuwahi kujua kwamba linasema kitu cha kweli. Nilikaa pale nalitumbukiza na kulitoa kama mtoto wa miaka mitano.

"Hiyo kanuni ya pili," akasema. "Mkono kwanza, kioo baadaye. Wakishashika, ndipo unawafunulia ile meli yako unayoililia, waone kwa nini haizami. Picha ni nzuri, nani kasema si nzuri? Lakini picha haibebi uzito. Ya tatu: kalamu ya mtoto wa mwisho haijatua, hakuna kusonga mbele. Yeye wa tai hawezi kuiona hiyo kalamu. Wewe unaiona. Au nayo unaitazama kupitia dirishani?"

"Na ya nne?"

"Ya nne ni ya mwalimu, si ya plazma. Ukiifunika, sema umeifunika. Watoto wangu siku ya kwanza niliwaambia: amri inasema hivi, mimi nafanya hivi, na siku nikiulizwa nitajibu. Siwezi kumfundisha mtoto mizani huku nimeficha kidole chini yake."

"Ndiyo maana ulisema kwenye gimgema."

"Ndiyo maana."

"Na mimi mbona hukunitaja?"

"Hilo la kwako. Ningelisema mimi, lingekuwa langu." Akatema ganda la shayiri. "Nitakufundisha, Dessalew. Kila siku saa tisa, hapa. Asubuhi utawapa nilichokupa. Si kwa ajili yako, wewe sikupendi hata chembe. Lakini gimgema ya Meskerem utasimama, utasema ulijua. Mama yangu hawezi bonde."

"Mikaeli anione," nikasema. "Nitasimama."

"Anakuona. Njoo kesho, na uoge, unanuka waya."

Nilirudi nyumbani nikamwomba Enanu kitambaa. Alivua cha televisheni yetu, akanitupia usoni. Asubuhi nikakitundika juu ya plazma kumi C, nikawaambia watoto wafungue madaftari, na ile mikono sabini ikashuka. Hawakunipigia makofi. Watoto wale hawakunisamehe kitu. Nikikosea walikuwa wanasema, "Kamwulize vizuri, Gashe, urudi."

Siku moja ya jiwe, Wubalem akauliza: kama jiwe limekuwa jepesi, uzito wake umekwenda wapi? Ndoo inakuwa nzito zaidi? Saa tisa nikamfikishia Tiruwork lile swali, na hapo ndipo mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akicheka na meno yote nje. "Huyo amefika," akasema. "Huyo hafeli." Lakini jibu hakunipa. Alinionyesha mizani ya zamani ya kupimia nafaka pale kwenye kona, akasema nibebe, nikapime na watoto, nisije nikajitia kujua. Tukapima. Ndoo iliongezeka uzito. Nililala na furaha ile siku mbili, na sikumwambia mtu, kwani ningemwambia nini?

Daftarini niliandika: imefuatiliwa.

Wakafanya mtihani. Mvua zikaja zikaenda. Meskerem matokeo yakabandikwa: kumi C, hamsini na tisa wamefaulu kati ya sabini. Mwaka uliotangulia darasa lile lilitoa ishirini na wawili. Mji mzima ulikuja kuangalia ukuta ule.

Gimgema ikaitishwa, na safari hii ofisa elimu alikuja mwenyewe, na suti. Tiruwork alikaa karibu na mlango, na koti lake jeupe amelifua. Hakuwa anatafuna. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima: nilijua tangu Tikimt, kitambaa kilifumwa na mke wangu, nilisema uongo, na darasa hili ni lake. Maneno machache tu. Mtoto angeyasema.

Lakini kabla hatujaanza kusemana, Ato Yitayew akasimama na hati yenye fremu. "Mwaka huu kumi C haikuwa na mwalimu wa fizikia hata mmoja," akasema, anatabasamu. "Ilikuwa na plazma, na ilikuwa na Dessalew! Nani tena atasema plazma haifundishi?" Makofi. Nikaitwa mbele. Ofisa akanishika mkono, mkono laini, akauliza, "Fundi, siri ni nini? Tuambie na shule nyingine zijifunze."

Nikamwona Tiruwork. Alikuwa ameinua uso, ananingoja. Hakuwa na kiburi siku ile, na hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Alikuwa anangoja kama mtu yeyote.

Nikafungua mdomo. "Tunazo kanuni," nikasema. "Kitu kisichoweza kuulizwa swali si mwalimu, ni chombo." Ofisa akatoa kalamu. "Mkono kwanza, kioo baadaye." Anaandika. "Kalamu ya mtoto wa mwisho haijatua, hakuna kusonga."

"Safi sana," ofisa akasema. "Umezitunga mwenyewe?"

Fremu ilikuwa mkononi mwangu. Chumba kizima kinanitazama kwa upendo, mgeni wangu, watu walioniita Bwana Funguo. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nikatabasamu, nikaangalia chini kama mtu mnyenyekevu.

"Kuna nyingine?" akauliza.

"Ndiyo hayo tu," nikasema.

Mlango ulifungwa taratibu. Nilipogeuka kiti chake kilikuwa kitupu. Wiki ile ile alipanda basi la bondeni na sanduku moja. Mama yake alibaki nyuma ya kanisa. Enanu ndiye anayempelekea chakula, kila Jumatano na Ijumaa shiro, mchuzi wa dengu wa siku za mfungo, na akirudi huwa hanisemeshi mpaka jua lizame.

Zile kanuni zilichapishwa. Karatasi ikasambazwa shule zote za mkoa: Kanuni za Matumizi ya Plazma Darasani, na chini yake, zimetungwa na Dessalew Birru, fundi. Nilijinunulia mkanda mpya. Nilikuwa ninaitwa kwenye semina.

Mwezi wa Tir, dereva wa basi la bondeni akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na ile karatasi yangu. Ndiyo hiyo, sogea uisome. Kanuni ya kwanza, alama ya vyema. Ya pili, vyema. Ya tatu, vyema, na mstari chini ya neno kalamu, kama anavyofanya akipenda jibu. Jina langu hakulikata, ameliwekea kiulizo kidogo pembeni. Na pale chini palipobaki peupe, kwa mwandiko wa ubaoni: Tatu kwa nne. Rudia.

Nilitaka kuichoma. Enanu akanipokonya, akaibandika hapo, juu ya hati yangu ya fremu, akaifunika hati yote. Na kila mgeni akiingia akiuliza, ni lazima nijibu. Haya, nimejibu. Nilijua tangu Tikimt. Kitambaa kilifumwa na mke wangu. Nilisema uongo, na darasa lile lilikuwa lake, na zile kanuni ni zake. Nimesema yote, sikubakiza. Enanu, mmiminie mgeni kahawa.

Ona, hata hasogei. Unamsikia anavyosema?

"Wageni umeshawaambia kumi na mmoja," anasema. "Mgeni hana mhuri wa kumrudisha mtu. Gimgema ni kesho kutwa."